Shukrani Iliyotangulia Dawa: Maisha ya Marehemu Elinaza Elieza Mgonja (1971–2025)

Tangu msiba huu ulipoanza, ndugu waliotoka Mamba na Same mjini wamekuwa wakiuliza kwa nini marehemu hasafirishwi. Watu wa ukoo huu huzikwa nyumbani, kwenye shamba la baba zao, na gari la kupeleka mwili lilikuwa limeshapatikana. Aliyekataa ni marehemu mwenyewe. Aliomba azikwe hapa Goba, mbele ya washarika na majirani wa mtaa huu, na sababu aliitoa akiwa na akili zake timamu. Sababu hiyo imo ndani ya wasifu huu. Familia inaomba mvumilie mpaka mwisho, kwa kuwa si sababu ya kujivunia.

Marehemu Elinaza alizaliwa tarehe 4 Mei 1971 huko Mamba, wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Elieza Mgonja na Bi. Namsifu, ambao wote wameshatangulia. Wadogo zake ni Stanley, anayesoma wasifu huu, na Loveness. Baba yao alilima mahindi na tangawizi, na nyumba yao ilinukia tangawizi mwaka mzima, mpaka mashuka na sare za shule. Elinaza alikuwa mtoto mpole, mwenye maneno machache, aliyependa kukaa karibu na mlango ambako mwanga ulitosha kusoma.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1979 katika shule ya msingi ya kijijini na kumaliza la saba mwaka 1985. Shule ile ilikuwa na bustani, na kila mtoto wa madarasa ya juu alikuwa na tuta lake. Mwaka mmoja kabichi za Elinaza ziliwapita wote. Mwalimu mkuu akamsimamisha mbele ya mstari, wenzake wakampigia makofi. Ukweli ni kwamba tuta lile lilikuwa likimwagiliwa maji na Stanley, ambaye alikuwa mdogo na alipenda kuchezea ndoo. Elinaza alipokea makofi akiwa ameinamisha kichwa, hakusema kitu. Jioni ile alisukuma bakuli lake la makande mbele ya mdogo wake.

"Kula."

"Umeshiba?"

"Kula tu, usiniulize."

Akafanya hivyo siku kadhaa, na Stanley akala bila kujua analipwa nini. Marehemu alipenda kukisimulia kisa hicho na kukicheka, lakini miaka ya mwisho alipokisimulia hakucheka. Alikuwa mtu wa kunyamaza mbele za watu, halafu kuja kurekebisha faraghani.

Masomo ya sekondari aliyamaliza mwaka 1992. Alikuja Dar es Salaam kusomea kazi ya maabara, akapata stashahada mwaka 1996. Mwaka 2010 alipata shahada ya uzamili. Watu wengi hapa mnamjua kama Dokta Elinaza. Aliagiza isemwe kwamba hakuwahi kuwa na shahada ya udaktari wa aina yoyote. Aliitikia jina hilo kwa sababu kila alipotaka kumsahihisha mtu, huyo mtu alikuwa ameshapita.

Aliajiriwa mwaka 1997 katika maabara ya utafiti hapa Dar es Salaam. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta virusi vya polio. Mwanzoni walipima choo cha watoto waliopooza ghafla, na baadaye wakaanza kupima maji machafu ya mitaro na mabwawa, Tandale ikiwa mojawapo ya sehemu walizochota. Yeye ndiye aliyevaa buti na glavu na kushika kopo la kuchotea. Akirudi maabara alitunza seli hai kwenye chupa bapa zilizolazwa. Aliwaeleza ndugu zake hivi: seli hukua mpaka zinatandaza sakafu ya chupa yote kama mkeka. Ukimwagia maji yenye virusi, baada ya muda mkeka unatoboka. Ukiangalia kwa darubini na kuona matundu, unajua virusi vimo.

Kazi hiyo iliwapa ndugu zake shida, na hili lazima lisemwe, kwa sababu yaliyofuata yalianzia hapo. Baba yao alipofariki, Bi. Namsifu alihamia Goba mwaka 2003, akawa anapokea tangawizi kutoka Mamba na kuwauzia wachuuzi wa soko la Tandale. Kina mama walipomuuliza binti yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko maabara. Wakimuuliza anapima nini, alisema damu. Elinaza aliyasikia hayo zaidi ya mara moja akiwa amekaa palepale. Hakumkosoa mama yake. Alijua mama anaona aibu kusema kwamba mtoto aliyemsomesha kwa tangawizi anachota maji ya choo.

Aliyeichukua kazi ile kwa mzaha ni mumewe, Bwana Jonas Kornelio, mzaliwa wa Newala, mchongaji na seremala. Walikutana mwaka 1998 Jonas alipokuja maabara kutengeneza rafu za kupangia chupa. Siku ya kwanza Elinaza alimkatalia mkono, akasema mikono yake haifai. Jonas akajibu, "Mie vumbi la mbao, wewe maji ya choo. Hapa sabuni haitakosa kazi." Walifunga ndoa tarehe 30 Oktoba 1999. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kornelio na Flaviana. Jonas anasema katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kumwona mkewe akigusa chakula cha mtoto kabla ya kunawa mara mbili.

Tukirudi kwenye kazi. Katika chupa zake, Elinaza aliona kwamba mikeka mingi ilitobolewa na virusi ambavyo si polio. Vilikuwa ndugu wa polio, vya jamii hiyohiyo inayokaa utumboni na kuenea kwa maji na mikono. Utaratibu ulikuwa kuandika "si polio" na kuendelea na kazi. Siku moja alimuuliza mkubwa wake, "Na hivi vingine?"

"Vingine si kazi yetu."

"Ni kazi ya nani?"

Mkubwa wake akasema kwa kweli hajui.

Elinaza akaanza kuvisoma. Alikuta kwamba watoto wengi wanaovipata hupata mafua au homa na kupona. Wengine hutoka malengelenge mdomoni, viganjani na nyayoni. Wachache huvimba utando wa ubongo, na wachache zaidi moyo wao hushikwa. Polio ina chanjo. Kwa wengi wa hao ndugu wa polio hapakuwa na dawa ya kuviua mwilini; daktari hutuliza homa, hutunza moyo, na kusubiri. Mwaka 2014 alijiunga na kundi dogo la watafiti. Wenzake wa kemia walitengeneza michanganyiko na kuipa namba, na yeye na msaidizi wake Lusungu waliijaribu kwenye seli. Kwa miaka minne mkeka ulitoboka. Kuna michanganyiko iliyoshindwa kuviua virusi, na kuna iliyoua virusi na seli pamoja.

Mchanganyiko wa kumi na saba haukuua seli. Alieleza kwamba kirusi kina ganda, na kikiingia kwenye seli lazima ganda lifunguke ndipo kifanye uharibifu wake. Huu wa kumi na saba uliingia kwenye upenyo wa ganda na kulibana lisifunguke. Asubuhi ya siku ile, mwezi Oktoba 2018, chupa zenye virusi peke yake zilikuwa zimetoboka zote, na chupa zenye virusi pamoja na namba kumi na saba zilikuwa nzima. Lusungu aliomba aangalie tena kwa darubini, na akishaangalia anaomba tena. Mchana Elinaza alimpigia simu mama yake.

"Mama, leo mkeka haukutoboka."

"Kwa hiyo dawa imefanya kazi?"

"Kwenye chupa, mama."

"Si ndiyo chupa hizo mlizokuwa mnahangaika nazo miaka yote?"

"Ndizo, lakini bado kuna..."

"Basi imefanya kazi. Asante Yesu."

Yaliyobaki yalikuwa mengi. Kwanza ilitakiwa virusi vilishwe dawa kidogo kidogo, chupa baada ya chupa, kuona kama vitaizoea. Halafu kuna majaribio ya wanyama, halafu ya watu, miaka kwa miaka, na michanganyiko mingi huishia njiani. Elinaza alipanga kuja kumweleza mama yake Jumamosi. Alipofika Goba alikuta mama ameshamwona mzee wa kanisa, shukrani imeshawekwa Jumapili inayofuata, na vitenge vya sare vimeshakatwa.

Angeweza kukataa siku ile. Aliwaambia ndugu zake baadaye kwamba alikuwa amefungua mdomo. Lakini sebuleni walikuwamo kina mama wa jumuiya, na Bi. Namsifu alikuwa akiwaambia kwa sauti, bila kuficha: "Huyu mwanangu alikuwa anachota maji ya choo ya watoto wenu. Mlikuwa mnajua? Mitaroni, na buti. Humohumo ndimo alimoitoa dawa." Ilikuwa mara ya kwanza mama kuitaja kazi ya binti yake jinsi ilivyo. Elinaza akafunga mdomo.

Wengi wenu mlikuwepo tarehe 21 Oktoba 2018. Familia iliingia kanisani kwa kucheza kuanzia mlangoni, mama mbele na jogoo, Loveness na mkungu wa ndizi, Stanley na kapu la tangawizi kutoka Mamba, Elinaza katikati. Mzee wa kanisa alisoma kwamba familia ya Mama Mgonja inamshukuru Mungu kwa kumwezesha binti yao kugundua dawa ya virusi vinavyosumbua watoto. Vigelegele vilipigwa mpaka kwaya ikashindwa kuanza. Elinaza akapewa kipaza sauti. Aliyoyasema yalikuwa haya tu: "Asanteni. Mtuombee." Akarudisha kipaza sauti na kukaa chini.

Baada ya ibada ukafanyika mnada wa sadaka hizo nje, kama ilivyo desturi. Kapu la tangawizi lilinunuliwa na mgeni wa Bi. Namsifu, Mama Yuliana wa sokoni Tandale, mteja wake wa siku nyingi. Alikuwa na mjukuu, Asifiwe, mtoto wa miaka mitano ambaye moyo wake ulikuwa umetanuka baada ya homa. Madaktari walikuwa wamemwambia huenda ni virusi vya jamii hiyo. Alimfuata Elinaza akiwa amekumbatia kapu lile.

"Dokta, wa kwangu nimlete lini?"

Elinaza alimtazama. Watu walikuwa wamewazunguka, na mama yake alikuwa amemshika mkono.

"Bado kidogo, mama," akasema.

Maneno hayo mawili, "bado kidogo", ndiyo yaliyomtesa marehemu kuliko ugonjwa uliomuua. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Kazi iliendelea. Elinaza na Lusungu walivilisha virusi namba kumi na saba kidogo kidogo. Wakichukua vilivyobaki hai katika chupa moja, walivihamishia nyingine na kuongeza dawa. Mwezi Februari 2019 mkeka ukatoboka, na dawa imo. Lusungu alisema, "Dada, tumechanganya chupa. Turudie." Wakarudia tangu mwanzo, mkeka ukatoboka tena. Virusi vilikuwa vimezaa vyenye ganda la namna nyingine, dawa haikupata tena pa kubana. Lusungu alilia. Elinaza aliosha meza, akavua koti, akaomba ruhusa ya nusu siku, akaenda Tandale.

Alikuwa amesikia kwa mama yake kwamba Yuliana haonekani sokoni. Alimkuta nyumbani kwake, amekaa kizingitini akimpepea mjukuu. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba na alikuwa akipumua kwa shida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Dokta wangu. Umetuletea?"

"Sijaleta, mama. Huyu mtoto kliniki anaenda?"

"Nilisimamisha. Foleni pale ni ya kutwa, na vile vidonge si dawa yenyewe, vinamshikilia tu. Nikasema kwa kuwa yenyewe inakuja, ya nini nimsumbue?"

"Mama Yuliana, dawa haipo."

"Haipo leo?"

"Haipo kabisa. Tuliyokuwa nayo imeshindwa."

Yuliana aliacha kupepea. Akauliza kwa sauti ya kawaida, bila ukali, "Sasa mbona mlicheza?"

 Elinaza alimbeba Asifiwe mgongoni mpaka barabarani, wakaenda hospitali yeye na Yuliana. Mtoto alilazwa wiki kadhaa na akapona, kwa maana ya kwamba anaishi. Daktari alisema moyo ule ulikuwa ukielekea kurudi vizuri, na miezi aliyokaa bila vidonge imeurudisha nyuma. 

Jumapili ya wiki ile aliyokwenda Tandale, Elinaza alimwambia mama yake kwamba anataka kusimama kanisani aseme. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Useme nini?"

"Niseme tuliwahi mno kushukuru. Dawa haipo."

"Tuliwahi, sisi? Sema mama yako aliwahi."

"Sitakutaja, mama."

"Jogoo nilimbeba mie, Elinaza. Ukisimama pale, mie nitapita wapi? Kwa kina mama nitakaa kiti gani?" Halafu akasema, polepole, "Ngoja nife. Nikifa useme chochote."

Elinaza hakusimama kanisani. Alifanya kama alivyofanya utotoni kwa bakuli la makande, akawa anarekebisha faraghani. Kila mama aliyemsimamisha njiani kumuuliza habari za dawa, alimvuta pembeni na kumwambia kwamba imeshindwa. Alikwenda nyumba hii na ile. Lakini waliosikia vigelegele walikuwa kanisa zima, na yeye alikuwa mmoja. Aliowaambia leo walikutwa kesho na jirani aliyewahakikishia kwamba Dokta anaona haya tu kujisifu. Kadiri alivyokana, ndivyo alivyosifiwa unyenyekevu.

Kliniki ya Asifiwe hakuikosa. Tarehe ikifika alikwenda Tandale, akakaa foleni na Yuliana. 

Bi. Namsifu alifariki tarehe 9 Juni 2021. Alizikwa Mamba, na katika wasifu wake ilisomwa kwamba aliacha binti aliyegundua dawa. Elinaza alikuwa amekaa mstari wa mbele. Mwaka uliofuata alimwendea mzee wa kanisa, Mzee Theonest, akaomba nafasi ya kurudisha shukrani. Mzee Theonest ni mtu mwema, na ameridhia jina lake litajwe. Alimwambia, "Mama, kwenye ibada kuna shukrani, kuna maombi, kuna matangazo. Hili lako nilitie wapi?"

"Kwenye matangazo."

"Matangazo ni vikao na ndoa. Kwani watu si wameshasahau?"

"Jana mama mmoja kanisimamisha dukani."

Mzee akamruhusu asimame wakati wa maombi. Siku ilipofika Elinaza alisimama, akapewa kipaza sauti, akawaona kina mama waliokaa na mama yake miaka yote, na kiti chake kikiwa wazi katikati yao. Akasema, "Mtuombee." Akakaa. Jonas anasema nyumbani hakula, na kwamba usiku kucha alimsikia akijigeuza.

Kwa upande wa maabara hakuacha. Alisema kama virusi vinakwepa dawa moja kwa kubadili ganda, basi vipewe mbili kwa pamoja, moja ya kubana ganda na nyingine ya kuvizuia visijinakili ndani ya seli. Yeye na Lusungu walifanya kazi hiyo mpaka nguvu zilipomwishia. Virusi vilichelewa kupenya kuliko kwanza. Vilichelewa, lakini vilipenya. Waliyoyapata yameandikwa na wenzake ili watafiti wengine wasipoteze miaka kwenye njia ileile. Aliagiza lisiongezwe neno juu ya hapo.

Mwezi Agosti 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Alipokea matibabu kwa utulivu. Muuguzi alipomtundikia dripu ya kwanza, alimuuliza, "Hii ilipita majaribio yote?" Muuguzi akasema, "Dada, hii ya zamani sana." Elinaza akamjibu, "Ya zamani ndiyo ninayoitaka." Walicheka wote wawili. Kwa mwaka mmoja na zaidi aliendelea kwenda maabara siku alizoweza, akikaa kwenye kiti wakati Lusungu akiangalia chupa na kumsimulia anachokiona.

Januari 2025 alimwita mdogo wake Stanley kitandani.

"Wasifu wangu utaandika wewe."

"Mie? Mie la saba, dada. Aandike Kornelio, amesoma."

"Kornelio ataona aibu kwa ajili yangu. Wewe aibu unayo siku zote, umeshaizoea."

Stanley akacheka, na yeye akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema, "Msinipeleke Mamba. Mkinizika Mamba, mtawasomea watu ambao sikuwadanganya. Walionipigia vigelegele wako Goba. Nizikeni Goba, na msome pale."

"Nisome nini?"

"Soma kwamba dawa haijapatikana. Na usiseme nilikaribia."

"Mbona ulikaribia."

"'Bado kidogo' nilishaisema mara moja, Stanley. Inatosha."

Marehemu Elinaza alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Goba, akiwa na mumewe na watoto wake.

Katika kikao cha msiba hapakuwa na maelewano. Baba mdogo, Mzee Kajiru, aliyetoka Mamba, alitaka iandikwe kwamba marehemu alikuwa mgunduzi. Alisema, "Mtu akifa huwa tunamwongezea. Nyie mnampunguzia?" Wengi waliona ana haki, na wasifu wa namna hiyo ungekuwa mwepesi kuandika na mwepesi kusoma. Jonas akasema, "Baba, hatumpunguzii. Amebeba kitu miaka yote hii. Tunamtua." Mzee Kajiru akauliza kama angeweza kukaa mstari wa mbele. Yupo hapo amekaa. Msalaba mnaouona ameuchonga Jonas kwa mkono wake. Juu yake kuna jina na miaka, basi.

Kwa hiyo, washarika na majirani, familia ya Mgonja inasimama mbele yenu kama ilivyosimama mbele yenu tarehe 21 Oktoba 2018. Siku ile tuliingia tukicheza, tukawaambia Elinaza amegundua dawa. Hakugundua. Dawa ya virusi vile haijapatikana. Mwenye mtoto aliyeandikiwa vidonge vya moyo, ampe vidonge hivyo, na tarehe ya kliniki ikifika ampeleke. Jogoo, ndizi na tangawizi mlivyonunua mnadani mlishavila, hatuwezi kuvidai wala kuvirudisha. Vigelegele vyenu ndivyo tunavyoona haya kwamba tulivipokea. Marehemu aliona haya peke yake kwa miaka sita, wakati aibu ilikuwa yetu sote, kuanzia siku tulipoona kazi yake haisemeki mbele za watu.

Mama Yuliana yupo. Aliombwa ruhusa haya yasomwe, akasema yasomwe. Asifiwe yupo naye. Yuko darasa la sita, na michezo ya kukimbia huitazama akiwa amekaa.

Marehemu ameacha mume, Bwana Jonas Kornelio. Watoto wawili, Kornelio na Flaviana. Wadogo zake, Stanley na Loveness. Baba mdogo, Mzee Kajiru, na ukoo mzima wa Mgonja. Mwenzake wa kazi, Lusungu, ambaye chupa ziko mikononi mwake. Na Asifiwe, ambaye tarehe yake ya kliniki ni Alhamisi ijayo, na Flaviana ndiye atakayekaa foleni na Mama Yuliana.

Elinaza, ulichotaka kisemwe kimesemwa, na waliotakiwa kukisikia wamekisikia. Pumzika sasa kwa amani.